Kifua Kikuu cha Uti wa Mgongo na Kazi ya Kisu

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo wengi wetu tumeyaona kwa macho bila kuyajua kwa jina lake. Katika vijiji vya mwambao, tangu Pangani hata Saadani na Bagamoyo, mtu mwenye nundu mgongoni huitwa kibyongo, na watu huridhika na neno hilo kana kwamba limekwisha kueleza kila kitu. Ukiuliza asili yake utaambiwa kwamba alianguka alipokuwa mchanga, au amerogwa, au ndivyo alivyoumbwa. Ni kweli kwamba vibyongo ni vya namna nyingi, na wengine huzaliwa hivyo. Lakini nundu iliyochongoka, iliyomtokea mtu ambaye zamani mgongo wake ulikuwa umenyoka, mara nyingi ni kazi ya kifua kikuu.

Tukisema hivyo mzazi hushangaa. "Mtoto wangu hakohoi," husema, "atakuwaje na kifua kikuu?" Na akiisha kusadiki, swali la pili humtoka upesi kuliko la kwanza: "Je, ni lazima apasuliwe?" Hilo la pili ndilo tutakalolijibu leo, maana watu hukosea kwa njia mbili. Wako wanaomficha mgonjwa kwa hofu ya kisu ambacho hakihitajiwi kabisa, na wako wanaokaa wakingoja vidonge vifanye kazi ambayo ni kisu tu kiwezacho kuifanya.

Kwanza tuujue ugonjwa. Viini vya kifua kikuu huingia mwilini kwa pumzi, hukaa pafuni, na pengine mwili huvishinda hapo hapo, mtu asijue kwamba aliwahi kuvipata. Lakini vichache huweza kuchukuliwa na damu vikafika mahali pa mbali, na katika mifupa yote hupenda zaidi ile ya mgongo. Huingia pia kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, na kwa sababu hiyo twawahimiza majirani wa wafugaji kuchemsha maziwa. Mgonjwa wa mgongo ambaye mapafu yake ni mazima hamwambukizi mtu, wala hapana haja ya kumtengea kikombe wala mkeka.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila pingili ina sehemu mbili: mbele kuna gogo nene la mfupa lichukualo uzito wa mwili, na nyuma kuna tao. Kati ya gogo na tao pana tundu, na matundu hayo yote pamoja hufanya mfereji ambamo hupita ugwe mkuu wa fahamu, utokao kwenye ubongo na kupeleka amri miguuni. Kifua kikuu hula mbele, penye gogo, na mara nyingi pingili mbili zinazopakana huliwa pamoja. Basi mbele ikiisha kuoza na nyuma ikabaki nzima, mgongo huinama kama mlingoti uliooza upande mmoja, na tao la nyuma hujitokeza. Hiyo ndiyo nundu.

Mfupa ulioliwa huacha usaha. Usaha huu hauna joto wala wekundu kama jipu la kawaida, kwa hiyo huitwa jipu baridi. Huweza kuteremka ndani ya nyama za kiuno ukatokeza kinenani, na huko watu huuita mtoki au huudhani kuwa ni ngiri. Hapa twatoa onyo moja: uvimbe wa namna hii usichanjwe nyumbani, wala usipigwe chuku. Jipu baridi likifunguliwa kwa wembe usio safi, viini vya namna nyingine huingia, na kidonda kitokacho humo huweza kuchuruzika miezi na miaka. Tena usaha huo huo, au kipande cha mfupa uliovunjika, ukirudi nyuma hubana ule ugwe, na miguu huanza kupotea.

Sisi walimu tuna nafasi ya kuuona ugonjwa huu mapema kuliko daktari, kwa kuwa twawatazama watoto kila siku. Angusha chaki chini umwambie mtoto aiokote. Mzima huinama. Mwenye maradhi haya hainami: huchuchumaa kwa magoti, mgongo umekaza kama ubao, na mkono mmoja ameushika paja ajitegemeze. Aghalabu mama yake atakuambia kwamba hulia usiku usingizini, maana mchana nyama za mgongo huushikilia mfupa mgonjwa usitikisike, na usiku zikilegea maumivu humshtua. Mtu mzima husema kiuno chamuuma majuma mengi, amekonda, jioni ana homa kidogo. Huko Saadani penye mashamba ya chumvi na nyavu za kuvuta, nani asiyeumwa kiuno? Ndiyo maana wengi huchelewa. Maumivu ya kazi hupungua mtu akipumzika, haya hayapungui.

Maradhi haya si mapya. Maiti zilizokaushwa za Misri ya kale zimeonekana zina migongo iliyoliwa hivi hivi. Na wasomaji wa Injili ya Luka watamkumbuka yule mwanamke aliyekuwa amepindana miaka kumi na minane. Ugonjwa wake hatuwezi kuutaja kwa hakika, lakini hali yake twaijua. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika habari za nundu hii pamoja na kupooza kwa miguu, na hata leo madaktari huuita ugonjwa kwa jina lake. Dawa yake ilikuwa nini? Aliichoma ngozi kwa dawa kali kandokando ya nundu, akakiacha kidonda wazi usaha utoke. Basi tusiwacheke sana wazee wetu waliochoma mgongo kwa chuma cha moto. Mpasuaji mkuu wa Ulaya alifanya jambo la jamii hiyo hiyo, naye hakujua kiini chake ni nini. Kiini kilikuja kujulikana tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alipokitangaza huko Berlin. Huyu Koch ndiye yule aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kwa uchunguzi wa maradhi mengine.

Kujua kiini si kupata dawa. Kwa muda wa zaidi ya miaka sitini baada ya Koch, mgonjwa alilazwa tu kitandani, pengine miaka, amefungwa plasta, apate jua, hewa safi na chakula. Hospitali ya Kibong'oto katika nchi ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, ni ya nyakati zile.

Wapasuaji nao walijaribu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfaransa mmoja aitwaye Ménard alikuwa akimpasua mgonjwa aliyepooza, akalifungua jipu pasipo kukusudia, na mgonjwa akaanza kuipata miguu yake. Alifurahi, akaifanya kazi ile kwa wengine kwa makusudi. Lakini wengi wakapata vidonda visivyopona, wakafa, kwa sababu hapakuwa na dawa ya kuwaua viini waliobaki. Mfaransa mwingine, Calot, akajaribu kuinyosha nundu kwa nguvu za mikono mgonjwa akiwa amelala kwa dawa. Jambo hilo nalo lilileta vifo na kupooza, likaachwa. Mwaka 1911 huko New York wapasuaji wawili, Hibbs na Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliunga pingili upande wa nyuma ili mgongo usizidi kuinama. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe akakipandikiza mgongoni. Ilikuwa kazi ya akili sana, ila kule mbele ugonjwa uliendelea kula.

Mambo yaligeuka dawa zilipopatikana. Streptomaisini ilivumbuliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumiwa mwaka 1952. Sasa mpasuaji aliweza kuingia mahali penye ugonjwa bila kuogopa kwamba kidonda hakitapona. Huko Hong Kong, Hodgson na Stock walifanya kilichokuwa hakijathubutiwa kwa wingi: waliingia kwa mbele, kupitia kifuani au ubavuni, wakaondoa usaha na mfupa wote uliooza mpaka wakafika kwenye mfupa mzima, kisha wakaziba pengo kwa ubavu au kipande cha nyonga. Walitangaza kazi hiyo mwaka 1956, na kwa muda wapasuaji wengi walisadiki kwamba kila mgonjwa wa mgongo apasuliwe namna hiyo.

Lakini wakati ule ule Afrika ilikuwa na neno lake. Huko Ibadan, Nigeria, wagonjwa walikuwa wengi na vitanda vichache. Daktari Konstam aliwapa dawa, akawaacha watembee na kurudi kwao, akawaona mara kwa mara. Mwaka 1962 zilitolewa habari za wagonjwa zaidi ya 200, na wengi wao walikuwa wamepona bila kisu, hata baadhi ya wale waliokuwa wamepooza. Upungufu wa vitanda ulikuwa umewafundisha watu jambo ambalo wenye vitanda vingi hawakuwa wamelijaribu.

Hapo ndipo Baraza la Uchunguzi wa Maganga la Uingereza lilipofanya majaribio ya kulinganisha, na ripoti zake zilianza kutolewa mwaka 1973. Katika Korea walilinganisha wagonjwa waliolazwa miezi sita na wale waliotembea. Mahali pengine pa nchi ile wakalinganisha waliofungwa plasta na wasiofungwa. Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe, wakalinganisha waliosafishwa mfupa kwa kisu na waliopewa dawa peke yake. Ilionekana kwamba mradi dawa zimemezwa sawasawa, kulazwa hakukuongeza kitu, plasta haikuongeza kitu, na kusafisha mfupa tu hakukuongeza kitu. Kupasua kwa namna ya Hong Kong kulikuwa na faida yake: pingili ziliungana mapema, na nundu haikuzidi sana. Lakini kazi ile yataka mpasuaji hodari na hospitali iliyokamilika.

Wengi wanaosimulia habari hizi husahau jambo moja. Mgonjwa ambaye miguu yake haikuweza kumbeba hakuingizwa katika majaribio hayo. Kwa hiyo mtu asiyashike matokeo yale akamwambia aliyepooza, "Wewe nawe meza vidonge tu."

Sasa na tulijibu swali la mzazi. Tuseme mtoto wa mvuvi wa Saadani, mwenye miaka minane, ana nundu ndogo, anaumwa, lakini atembea vizuri. Huyu mara nyingi hahitaji kisu. Atapimwa, atapigwa picha ya eksirei, pengine usaha utavutwa kwa sindano upelekwe maabara, na atapimwa pia Virusi vya Ukimwi, kwa kuwa maradhi haya mawili huandamana. Kisha atameza dawa nne kwa miezi miwili: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Baada ya hapo atabaki na rifampisini na isoniazidi mpaka muda wote utimie miezi tisa hadi kumi na miwili, kama atakavyoagizwa. Mkojo utageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Macho yakiwa manjano, au kuona kukipungua, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Maumivu huanza kupungua katika majuma ya kwanza, na hapo ndipo penye mtego: mzazi huona mtoto anacheza, akaacha vidonge mwezi wa nne. Viini vilivyobaki huweza kurudi vikiwa vimezoea dawa. Katika Tanzania dawa hizi hutolewa bila malipo, na mpango wa taifa wa kupiga vita kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Basi asikubali mtu kuuziwa.

Jipu likiwa kubwa, laweza kuvutwa kwa sindano nene, nayo huchomwa mahali penye ngozi nzima mbali na ncha ya uvimbe, ili tundu lisije likachuruzika. Kazi hii ni ndogo, wala si ile watu waiogopayo.

Upasuaji hasa una sababu zake. Ya kwanza na kubwa ni miguu. Mtoto yule akianza kujikwaa, vidole vikakwaruza mchanga, miguu ikakaza au ikawa mizito, au mkojo ukamtoka bila kujua, ugwe umebanwa. Akiwa na udhaifu mdogo, daktari huweza kumpa dawa na kumtazama majuma matatu au manne. Akizidi kudhoofika ijapokuwa anameza dawa, au asipopata nafuu katika muda huo, au ikiwa tangu mwanzo amepooza kabisa, hutakiwa kisu kiondoe kinachobana. Njia hii ya katikati, ya kutoa dawa kwanza na kupasua kwa sababu iliyo dhahiri, ilifundishwa sana na Tuli wa India katika miaka ya 1970, nayo twaiona kuwa yenye busara kwa nchi kama yetu.

Mpasuaji huweza kuingia kwa njia mbalimbali. Aweza kukata mwisho wa ubavu karibu na mgongo akalifikia jipu kwa ubavuni; aweza kuingia kwa mbele kama wale wa Hong Kong; au siku hizi aingie kwa nyuma, aondoe kinachobana kwa pembeni, kisha azishike pingili nzima za juu na za chini kwa misumari ya hesi na fimbo za chuma. Watu huuliza kama chuma hakitaongeza ugonjwa. Viini vya kifua kikuu havishikamani sana na chuma kama vifanyavyo viini vya majipu ya kawaida, na kwa hiyo, dawa zikiendelea, chuma hukaa salama. Njia moja isifuatwe peke yake, nayo ni kuvunja tao la nyuma tu. Yaonekana nyepesi, lakini gogo la mbele limekwisha kuliwa. Ukiondoa na nyuma, umekata kamba ya mwisho iliyoushikilia mlingoti.

Sababu ya pili ni mgongo usio imara, ambao pingili zake zateleza, au ambao umeliwa mahali pengi. Ya tatu ni nundu yenyewe, na hapa watoto wana habari ya peke yao. Mtu mzima akipona, nundu yake hukaa ilivyo. Mtoto akipona bado anakua; nyuma hukua na mbele iliyoliwa haikui, na nundu yaweza kuongezeka miaka mingi baada ya viini kufa. Katika wengine hujinyosha kidogo yenyewe. Katika wengine huzidi mpaka kifua kikabanwa, na hata miguu ikapooza mtu akiwa mkubwa, ugonjwa umekwisha sahauliwa. Daktari aonaye katika picha dalili za hatari hizi huweza kushauri pingili ziungwe mapema. Ama kuinyosha nundu ya zamani iliyokwisha kuwa ngumu, hiyo ni kazi ndefu na ya hatari kuliko zote, maana ugwe uliozoea kupinda waweza kuumia ukinyoshwa. Mwenye nundu ya zamani asiye na maumivu, na miguu yake mizima, hana haja ya kuifuata kwa ajili ya macho ya watu.

Hata hivyo kisu hakiui viini. Aliyepasuliwa na mpasuaji bora ulimwenguni, akaacha vidonge, hajatibiwa.

Kwa mtu wa Saadani njia huanza katika zahanati, kisha hospitali ya wilaya, na akihitaji kisu hupelekwa hospitali ya rufaa. Wapasuaji wa mgongo wako katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Safari ya gari hupitia Miono na Mandera mpaka barabara kuu ya Chalinze, na wakati wa masika matope huila siku nzima. Kwa hiyo miguu ikianza kulegea, mzee asingoje soko la kamba lichangamke apate nauli. Aliyepooza kwa majuma machache ana tumaini kubwa la kutembea kuliko aliyekaa hivyo miezi mingi. Njiani alazwe juu ya ubao au godoro gumu, asiketishwe kwenye pikipiki, na asiyehisi miguu yake ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya makalio. Upasuaji una gharama. Asiyeweza kulipa aulize ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani.

Baada ya kupasuliwa mgonjwa huanza kuketi na kusimama kwa agizo la daktari, mara nyingi amevaa mkanda mgumu wa kiunoni, na jamaa hufundishwa kumnyosha miguu. Nguvu hurudi polepole, vidole kwanza vikichezacheza, kisha goti. Kwa wengine huchukua miezi. Karatasi yake ya dawa hurudishwa katika kituo cha karibu na kwao, ameze chini ya macho ya mtu aliyemchagua. Na ikiwa ni mtoto, apelekwe apigwe picha na kupimwa mgongo kila mwaka mpaka atakapoacha kurefuka, hata kama anakimbia ufukoni pamoja na wenzake.